Safari ya Garsen Baada ya Eda



Atokaye Malindi kwenda Garsen hupita Gongoni na Marereni, penye mashamba ya chumvi, kisha nchi hutandaa tambarare, vichaka na vumbi, mpaka Minjila kwenye njia panda ya Hola na Lamu. Hapo hewa hugeuka, ikawa na harufu ya tope na majani mabichi. Ni Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, uliosafiri yapata kilomita 1,000 kutoka milima ya bara, na sasa unatawanya maji yake mabondeni kabla ya kufika bahari ya Kipini. Marehemu mume wangu, Allah amrehemu, aliipita njia hii zaidi ya miaka ishirini akinunua maembe. Mimi sikupata kuifika mpaka yeye alipokwisha kulala kaburini.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara. Siku zile nilimfikiria sana Mwana Kupona, aliyefiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, mwaka 1856, na miaka miwili baadaye akamtungia bintiye Mwana Hashima utenzi ambao bibi zetu waliuhifadhi. Humo amesimulia kwamba mumewe alifariki akiwa radhi naye. Ni neno dogo, lakini mjane huliombea usiku na mchana.

Mimi sina utenzi. Niliachiwa daftari. Ndani mna majina ya wakulima na hesabu zao. Mengi yamepigwa mstari, machache hayakupigwa. Baadhi ya jamaa walitaka mirathi igawanywe upesi. Nikawakumbusha kwamba Suratun Nisaa imetanguliza wasia na deni kabla ya mgao. Na nani kati yetu hajasikia habari ya maiti aliyeletwa mbele ya Mtume s.a.w. naye ana deni la dinari mbili, asisaliwe na Mtume mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile? Nikanuia kupeleka fedha zile kwa mkono wangu, nikawachukua na wanangu wawili.

Garsen si mji wa kusifiwa majengo. Uzuri wake uko sokoni asubuhi: wanawake wa Kiorma na maziwa yao, wanawake wa Kipokomo na ndizi na maembe. Mwaka 2012 jamaa hawa wawili, wafugaji na wakulima, waliuana kwa ajili ya malisho na maji. Zaidi ya watu mia moja walipotea katika miezi ile, na kule Riketa, mwezi wa Agosti, wengi wa waliouawa walikuwa wanawake na watoto. Nakumbuka marehemu alirudi nyumbani akakaa siku tatu bila kusema lolote. Muuza maziwa mmoja, mtu mzima, alipojua mimi ni nani, alinishika mkono akasema: “Mumeo alirudi soko halijachangamka bado. Alinunua kwangu, akavuka akanunua kwao, akatusalimu sote kwa sauti moja.” Hayo hatukuyajua nyumbani.

Ngao tulikwenda kwa bodaboda. Mwenye deni kubwa, shilingi 18,500 za ngowe, ni mzee Mkristo mwenye miembe ukingoni mwa mto. Hakusema nimesamehe. Alizipokea, akazihesabu mara mbili, kwa kuwa mafuriko ya Novemba 2023 yalikuwa yamemfagilia migomba yake yote, na mimi nilimpenda kwa kutojifanya. Kisha akaomba kalamu, akapiga mstari jina lake mwenyewe.

Tulipokuwa tukinywa chai, aliwasimulia wanangu habari za baba yao: kwamba hakukubali embe lipigwe kwa mti, lazima lichumwe kwa mkono, kwamba alilala barazani pake na kuondoka alfajiri kutia udhu mtoni, kwamba ndani ya mtumbwi alikuwa akiimba. Mwanangu mkubwa aliniangalia. Miaka yote hiyo nyumbani hatukumsikia mume wangu akiimba hata ubeti mmoja. Sikuona wivu; niliona kama nimepewa kipande chake kilichokuwa kimewekwa amana kwa watu wengine. Yule mdogo alitaka kujua ni wimbo gani. Mzee akajaribu, sauti ikamkatika, akacheka.

Jina moja bado halijapigwa mstari: “Bibi wa Ozi, 2,000.” Hapana jina lake la kuzaliwa, hapana nambari ya simu. Garsen hawakumtambua, Ngao vilevile. Ozi iko chini zaidi, karibu na Kipini, na mwenye mashua alitwambia tungoje maji yapungue. Fedha zake nimezifunga kwenye kitambaa, mbali na matumizi ya nyumbani. Tutakwenda Mfunguo Mosi, inshaallah.