Mzigo Haupotei Njiani

Mtu akija dirishani kulalamika, kichwani mwake mzigo umeibwa porini, huko kati ya Morogoro na Iringa. Sisi tunaoshinda na vifurushi hapa stendi ya Magufuli, Mbezi, tunajua si hivyo. Basi likiwa kwenye mwendo hakuna anayegusa buti. Mzigo unapotea pale unapotoka mkono huu kwenda mkono ule.

Chukua pampu ya trekta inayokwenda Njombe. Basi letu linaishia Mbeya, kwa hiyo boksi linashushwa Makambako, wakala analipokea, analipandisha gari la Songea. Hapo limeshapita kwangu, kwa mpakiaji, kwa konda, kwa wakala na kwa konda wa pili. Aliyeandika jina lake mahali popote ni mimi peke yangu.

Sasa basi lizime Kitonga usiku. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, hilo si ajabu. Linaletwa gari jingine, abiria wanahamishwa kwanza kwa sababu wao wana mdomo. Mizigo inafuata kwa tochi za simu. Manifesti, ile orodha ya mizigo, inabaki kwenye dashibodi ya basi bovu. Konda mpya hana habari na Makambako. Boksi linakwenda hadi Mbeya, Mbeya hawalioni kwenye orodha yao, wanalitupa stoo. Mwenye trekta ananipigia, namjibu kwamba basi limefika. "Basi mmeniibia," anasema. Hajaibiwa. Pampu yake ipo, ila hakuna anayejua kwamba ipo.

Kuna mzee mmoja, mstaafu wa posta, hupita kunywa chai hapa na kutucheka. Alianza kazi posta ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na aliona Posta na Simu zikitenganishwa mwaka 1994. Enzi zake kifurushi kilifungwa kwa kamba na lakiri, na mfuko haukutoka ofisi moja kwenda nyingine bila mtu kuhesabu na kusaini. Ulikuwa mwendo wa kobe, mwenyewe anakubali. Lakini kikikosekana, daftari lilisema kimeishia ofisi gani na zamu ya nani.

Mpaka leo namba ya EMS, ile huduma ya haraka ya posta, ni herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Ile tarakimu ya tisa inakokotolewa kutoka kwenye nane za mwanzo, ili karani akikosea moja mashine ikatae. Namba yetu sisi ni ya kitabu cha risiti kilichopigwa chapa mtaani, na vitabu viwili vikifanana namba hakuna wa kukataa.

Watu wanakuja kwetu hata hivyo, na siwalaumu. Ukituma kifurushi leo, kesho kimefika Mbeya, na dirisha letu liko wazi saa ambazo ofisi nyingine zimeshafunga.

Mizigo inayonichosha zaidi ni vifaranga. Kifaranga cha siku moja kinavumilia hata siku mbili bila chakula, maana bado kina kiini cha yai tumboni. Kisichovumilia ni joto la buti. Kwa hiyo naandika kwa maka peni, pande zote za boksi, JUU KWA ABIRIA, na namwambia konda kwa mdomo. Anaitikia vizuri. Akifika Chalinze akapata abiria wawili wenye mabegi, boksi linateremka chini. Mfugaji anafungua upande wa pili anakuta nusu vimekufa, ananitumia picha. Konda anasema vilipandishwa vikiwa vimechoka.

Halafu kuna suala la thamani. Namuuliza mteja, ndani kuna nini, mama? "Nguo tu." Za shilingi ngapi? "Andika elfu ishirini," maana anajua bei ya kutuma inapanda na thamani. Boksi likipotea, zile nguo zinageuka simu mbili mpya na saa ya mkononi. Namwonyesha risiti yenye elfu ishirini aliyoitaja mwenyewe. Anataka meneja. Nampeleka kwa meneja, na meneja anaanza kwa kumwambia, "Naomba nione risiti."