Mimba Isiyo na Mtoto

Msomaji, iko mimba isiyo na mtoto. Maneno haya niliyadhani fumbo mpaka yalipotufikia nyumbani kwetu Nambale.

Dada yangu alikuwa katika mwezi wa tatu, lakini tumbo lake lilikuwa kubwa kama la mwezi wa tano. Alitapika mchana na usiku, kisha akaanza kutokwa na damu. Wengine walisema ana pacha. Wengine walinong'ona kuwa amerogwa. Mama hakubishana na mtu. Alfajiri tulipanda matatu kwenda Busia.

Hospitalini alipigwa picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Mtoto hakuonekana, yalionekana malengelenge mengi, mithili ya kichala cha zabibu. Ndiyo maana ugonjwa huu huitwa mimba zabibu. Mara nyingi hutokea mbegu ya baba inapoingia katika yai lisilo na urithi wa mama; kondo la nyuma hukua ovyo, na mtoto haumbiki. Katika mimba elfu, yapata moja huwa hivyo. Si uchawi, si dhambi, wala si kosa la mke au mume.

Mfuko wa uzazi ulisafishwa kwa kufyonzwa, naye dada akadhani yamekwisha. Kumbe masalio machache yaweza kukua tena na hata kugeuka saratani. Homoni ya mimba iliyomo katika damu ndiyo hutoa habari: ikishuka hata isionekane, ni salama, ikikwama au kupanda, ni hatari. Kwa hiyo aliagizwa arudi kupimwa mara kwa mara, wala asishike mimba mpaka aruhusiwe.

Mwezi wa pili alikataa. "Nikapimwe mimba nisiyo nayo, watu wanicheke?"

Mama akamjibu, "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua."

Alikwenda. Homoni ilikuwa imepanda.

Zamani habari hiyo ingalikuwa msiba. Lakini mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz, madaktari waliofanya kazi Marekani, walitangaza kuwa dawa ya methotreksati yaweza kushinda hata saratani ya kondo iliyokwisha kuenea. Dada alitibiwa kwa dawa hiyo, akapona. Leo analea binti.

Ewe msomaji, siku moja jambo kama hili laweza kumpata mtu wako. Usiulize ni nani aliyemroga. Uliza ni lini atarudi kupimwa, kisha umsindikize.