Makelele Niliyoyakata

Kosa ni langu, nisiisingizie kompyuta.

Nilikuwa mtayarishaji wa vipindi katika redio moja ya jamii mkoani Kagera. Nikatumwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, kumrekodi mzee mpiga nanga kwenye arusi. Nanga ni ubao uliochongwa kama chano, nyuzi zikatandazwa juu yake. Mpigaji huketi nayo, akapiga na kuimba peke yake.

Ila mzee yule hakuachwa peke yake. Alipoutaja ukoo wa bwana arusi, wenye ukoo waliitika. Mmoja akainuka kumtuza. Mzee akamrudia, akamwongezea babu na ng'ombe wa babu. Aliposikika marehemu fulani akitajwa, bibi mmoja akaangua kilio. Mzee akazilegeza nyuzi, akakaa na jina lile mpaka bibi akatulia. Rubisi, pombe ya ndizi, ikazunguka, utenzi ukarefuka zaidi ya saa nzima.

Niliporudi studio nikasikia makelele matupu. Nikakata vigelegele, maitikio, majina ya koo, hata kile kimya cha kumngoja bibi. Zikabaki dakika nne safi, saizi ya kukaa kati ya bei ya kahawa na taarifa ya habari. Nikajipongeza. Kisha, kwa kuwa kompyuta ilijaa, nikaifuta rekodi ya awali yote.

Siwezi kusema sikufundishwa. Kidato cha sita nilikariri yale mambo sita yanayotawala fasihi simulizi, ya mtaalamu Mulokozi katika makala yake ya 1989: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Mtu huyo tasnifu yake ya udaktari, ya 1986, ilihusu tendi za nanga za Wahaya, majirani wetu sisi Wanyambo. Kwenye mtihani niliyataja yote. Studioni nikambakiza fanani, tena nusunusu.

Kipindi kilipendwa, na kupendwa huko ndiko kulikoniumbua. Familia moja ya Kayanga, wilayani Karagwe, ilimwalika mzee ikamtaka apige "ule wa redioni", asizidishe. Nilikuwapo. Akapiga kama alivyoagizwa. Wageni wakanyamaza kwa adabu, simu juu, wakampigia makofi mwishoni. Hakuna aliyeitika, maana hakuna aliyetajwa. Akiwa anaifunga nanga yake, mzee akaniita kando: "Mwanangu, nimewaudhi?"

Nikamwambia hapana. Akaniomba basi nimpatie rekodi ya Nkwenda, yote, wajukuu zake wasikie nanga inavyopigwa watu wakiwapo. Nikamjibu kwamba nitaitafuta.

Nilijua haipo. Kukata kulikuwa ujinga wa kazi. Jibu lile lilikuwa uongo, na bado anasubiri. Nimeyaandika haya kwanza ili nisipate pa kujificha nitakapokwenda kumwambia.