Miaka Inayohesabiwa na Miaka Isiyohesabiwa

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, kijana mmoja aliingia ofisini kwangu akaketi taratibu, kama mtu anayebembeleza goti lake. Alikuwa mchezaji wa futiboli ya kwao, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Ilikuwa mwezi Novemba. “Mwalimu,” aliniambia, “Jumamosi ndiyo mwisho wangu.”

Nilishtuka, nikadhani anasema neno zito kuliko alivyokusudia. Kumbe alikuwa anazungumzia kanuni tu. Alikuwa amemaliza misimu yake minne, na baada ya mchezo wa Jumamosi hangeruhusiwa tena kuvaa jezi ya chuo. Nilimuuliza amebakiza masomo mangapi kabla ya kuhitimu. Alitazama dirishani, akajibu, “Tisa.”

Nimemkumbuka kijana yule kwa sababu wanafunzi wangu wa sera za umma wameniuliza maoni yangu juu ya mjadala unaoendelea Marekani: je, wachezaji wa futiboli wa vyuo waongezewe miaka ya kucheza? Swali linaonekana la wapenda michezo. Naomba msomaji anivumilie, kwani ndani yake mna somo kwa kila anayetunga kanuni na kila anayeishi chini yake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, kwa miaka mingi kimempa mchezaji wa daraja la kwanza miaka 5 tangu ajiandikishe chuoni, na ndani ya miaka hiyo misimu 4 ya kucheza. Mwaka unaobaki ni wa akiba, kwa ajili ya kukua mwili au kuuguza jeraha. Hoja ya asili ilikuwa kwamba huyu ni mwanafunzi kwanza: shahada huchukua miaka minne, basi na mchezo ufuate mwendo wa shahada.

Kisha vighairi vikaanza kuota. Tangu 2018 mchezaji wa futiboli ameweza kushiriki hadi michezo 4 bila msimu huo kuhesabiwa. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, msimu wa futiboli haukuhesabiwa kwa yeyote. Aliyeumia mara kwa mara aliomba huruma, na wengine walipewa: Cam McCormick alicheza mwaka 2024 akiwa katika mwaka wake wa tisa chuoni. Mtumishi wa umma anaujua ugonjwa huu. Kighairi cha kwanza ni huruma na cha pili ni haki sawa, lakini kikifika cha kumi, anayeisimamia kanuni hakumbuki tena iliwekwa kwa ajili gani.

Hapo ndipo mahakama ikabisha hodi. Mwishoni mwa 2024 Diego Pavia, kinara wa mashambulizi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, aliishitaki NCAA. Alikuwa ameanzia katika chuo cha miaka miwili, ambako NCAA haisimamii michezo, lakini misimu ya huko ilihesabiwa dhidi yake. Alidai kwamba kumzuia ni kumnyima kipato, kinyume cha sheria ya kuzuia ukiritimba. Desemba 2024 jaji wa Nashville alitoa zuio la muda dhidi ya kanuni hiyo, na Pavia akacheza tena mwaka 2025. Wengine wakafuata njia hiyo. Baadhi walishinda na baadhi walishindwa; Julai 2025 mahakama ya rufani ya Chicago ilitengua zuio la aina hiyo alilopewa mchezaji mwingine.

Angalia neno lililobeba kesi hizi: kipato. Mwaka 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliipinga NCAA katika shauri la malipo yanayohusiana na masomo, na mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Wachezaji walistahili. Walikuwa wamejaza viwanja kwa miongo mingi huku makocha wakitajirika. Lakini mwaka wa kucheza ukishakuwa mshahara, hoja ya “mwanafunzi kwanza” haiwezi tena kuilinda kanuni ya miaka. Ni vigumu kumweleza jaji kwamba unamfukuza mtu kazini kwa faida ya elimu yake.

Wanaotaka nyongeza wana hoja nzito. Wachezaji wa futiboli ya vyuo wanaofika ligi ya kulipwa ni chini ya 2 katika kila 100. Kwa walio wengi, mwaka mmoja zaidi chuoni ndio mwaka pekee wa fedha ambao vipaji vyao vitawapa. Wanaopinga nao wana yao. Makubaliano ya 2025 yameweka kikomo cha wachezaji 105 katika timu ya futiboli, na kila mwenye miaka 24 anayebaki anakalia kiti cha kijana wa miaka 18 anayesubiri nyumbani kwao. Kisha upo mwili. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichunguza bongo zilizotolewa na familia za wachezaji waliofariki. Kati ya 53 za waliocheza hadi ngazi ya chuo, 48 zilikuwa na ugonjwa unaohusishwa na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara. Familia zilizotoa bongo hizo nyingi zilikuwa zimekwisha kuona dalili, hivyo idadi hiyo haiwezi kupimiwa wachezaji wote. Hata hivyo, msimu wa ziada ni mapigo ya ziada.

Sasa niungame. Muhula mmoja kabla ya ile Novemba, mshauri wa masomo wa timu alinipigia simu. Hakuniomba jambo lolote waziwazi. Aliuliza tu kama nina hakika na hesabu zangu, kwa kuwa kijana alikuwa amepungukiwa alama mbili, na bila kufaulu asingecheza. Nilikuwa mgeni, mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Nikaipitia kazi yake upya na kuziona alama mbili ambazo hazikuwamo. Nilijiambia kuwa nimemhurumia. Kwa kweli nilimpa msimu na kumnyima somo. Wala yeye hakuniomba. Hadi leo sijui kama alipata kujua.

Miaka ile ufadhili wa mchezaji ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Januari ulipofika, wake haukuendelea. Kiti chake darasani kilikuwa kitupu, na masomo yake tisa hayakuwa na mtetezi wala jaji.

Kwa hiyo, nikiulizwa kama miaka iongezwe, nasema iongezwe ile isiyohesabiwa. Misimu ya kucheza iwe mitano, na kighairi kisiwepo tena, ili kijana na mzazi wake wajue mapema pa kusimama. Lakini kwa kila msimu aliocheza, chuo kiwe na deni la mwaka mmoja wa masomo bila ada, deni lisilokufa, aweze kulidai akiwa na miaka 25 au 45, goti lake likiwa zima au bovu. Vipo vyuo vinavyowarudisha wachezaji wao wa zamani wamalizie shahada. Hiyo ni hisani, na hisani hutegemea moyo wa mtoaji. Mimi naitaka iwe haki.

Siku hizi mwanafunzi akija ofisini kuniomba alama mbili, simpi. Humuuliza ni mada ipi haikumwingia, tukaifungua pamoja, kisha nikampangia siku ya kurudia mtihani. Wengine hutoka wamenuna. Huwaacha wanune.