Ndugu Yangu Unayekunywa, Usibaki Peke Yako

Najua unasoma haya kwa kujificha. Kwamba pombe ni haramu unajua, sina haja ya kukusomea aya.

Kijana mmoja alinijia analia, nikamwambia: tubia, swali, acha. Akatubia kweli. Wiki mbili baadaye akarudia, na aibu ikamfukuza msikitini. Hapo nilikosea mimi, maana nilimwachia mzigo aubebe peke yake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesikia habari za Alcoholics Anonymous, kikundi kilichoanzia Marekani mwaka 1935 kwa walevi wawili kusaidiana. Hakuna ada. Unataja jina la kwanza tu, na sharti ni moja: uwe na nia ya kuacha. Mkutano wa hapa Nairobi ulikuwa katika ukumbi wa kanisa. Nilisita, sikufichi. Kisha nikajiuliza, alipokuwa akiingia baa mbona sikumfuata?

Tukaenda, mkutano wa wazi, ambao msindikizaji anaruhusiwa. Niliyoyasikia mle ni amana. Nitasema tu kwamba ndugu yetu alizungumza bila kuinamisha kichwa, na wiki iliyofuata akaenda mwenyewe.

Na kama unakunywa sana kila siku, mwone daktari leo kabla hujakata ghafla, kwani mwili unaweza kupata kifafa. Hiyo si ruhusa ya kuendelea, ni tiba.

Ukiogopa mlango, niandikie faragha. Nitakusindikiza mpaka ndani, inshaAllah.