Shati Lililonuka Samaki

Kibarua changu kiliota nyasi Ijumaa moja ya Machi 2019, saa kumi kasoro robo jioni. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya kugomboa mizigo bandarini Dar es Salaam, na meza ile nilikuwa nimeikalia miaka 17. Waliponiita chumba cha mikutano nikakuta nimewekewa maji ya chupa, nikajua. Ukiona ofisi inakupa maji ambayo hukuyaomba, jiandae. Walikuwa wamenunua programu mpya ya hesabu, na kazi ya watu wanne ingefanywa na kijana mmoja. Kijana mwenyewe nilimfundisha mimi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, ila kwa miaka isiyozidi 10. Nikapiga hesabu palepale kichwani: siku 70. Miaka 7 iliyobaki hakuna aliyetakiwa kuihesabu. Walinilipa kila senti, sina dai. Lakini usiku kucha nilikuwa naigawanya ile 70 kwa 17, kama vile kuna jibu litakalonituliza.

Mke wangu sikumwambia. Jumatatu nikaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikavaa shati jeupe, nikafunga tai, nikaaga.

Sisi tunakaa Kigamboni, na kwa mtu wa Kigamboni kazi huanzia kwenye pantoni. Unalipa 200, unasimama katikati ya baiskeli, magari na matenga ya kuku, dakika chache uko Magogoni. Wenzangu waliposhuka wakashika njia ya Posta, wengine wakakimbilia mabasi ya mwendokasi. Mimi nikapinda kuelekea soko la samaki.

Soko la Feri lina faida moja kwa mtu anayejificha: hakuna mwenye muda na wewe. Samaki wanamwagwa mezani, dalali anataja bei kwa kasi ambayo sikio geni haliwezi kuifuata, wapaa samaki wako kazini na magamba yanaruka kama cheche. Nikapata tofali karibu na muuza kahawa, nikakaa. Nilikuwa napiga hesabu za watu: huyu kachukua changu kwa kiasi fulani, atauza kwa kiasi fulani, barafu imemla kiasi gani. Jioni nikavuka kurudi nyumbani. "Habari za kazi?" "Nzuri."

Nilifanya hivyo siku 41. Najua ni 41 kwa sababu niliziandika. Mhasibu anaweza kuacha kula lakini haachi kuandika. Nauli 400. Kahawa vikombe vitatu, 300. Kashata, 200. Upande wa mapato nilikuwa napiga mstari.

Utauliza nilikuwa namwogopa nani. Nimezaliwa 1972, tukikua na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi masikioni. Baba yangu alibeba magunia bandarini, na kwake binadamu walikuwa wa aina mbili, wafanyakazi na kupe. Hakuacha nafasi ya wa tatu. Halafu ikaja 2015 na kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu, nami nikapata fulana yangu kama wengine. Baada ya ile Ijumaa nikaanza kuilalia, maana kutoka nayo nje sikuweza. Hata salamu zetu zinadai hati. Mgeni akishajua jina lako, swali la pili ni unafanya kazi wapi, na ukisema jina la kampuni unaona anavyojipanga upya kwenye kiti. Miaka 17 nilijibu hilo swali kwa jina la kampuni. Nilipolipoteza nikagundua sikuwa na jibu jingine, hata la uongo.

Siku ya 42 ilikuwa Jumanne. Kahawa ilikuwa imenishinda, nikaamua nivuke na kurudi nipunge upepo tu. Saa nne asubuhi geti la pantoni likafunguliwa, likaingia gari limebeba maiti, nyuma yake vijana wa mtaani kwetu kama kumi na wawili na wazee wawili wenye kofia. Walikuwa wanatoka hospitali ng'ambo kumchukua fundi cherehani wa kona. Nilikuwa sijui hata kama alilazwa. Suruali niliyovaa aliipunguza yeye.

Mzee mmoja akaniona. Akanitazama kuanzia viatu hadi tai, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umeomba ruhusa kazini, Baba Salma?"

Sikusema kitu.

"Mungu akulipe. Nyie watu wa ofisini huwa tunawaona usiku, watu tumeshazika."

Nikasema, "Amin." Sijawahi kusema amin nzito kama ile.

Alikuwa hajanisingizia. Nimekaa mtaa ule miaka 14, na kwenye misiba nilikuwa mtu wa kutuma: nampa mke wangu elfu tano, mwenyewe napita baada ya Isha, nakaa robo saa naangalia simu, naondoka. Siku ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kaburini tangu nihamie. Nikavua tai nikaitia mfukoni, nikapokea chepe. Ardhi yetu kule ni mchanga mtupu, unatoa chepe moja zinarudi mbili, na waliokuwa ndani wakiandaa mwanandani walikuwa wanatupigia kelele tusisogee ukingoni. Nilitoka malengelenge. Usiku nilikuwa nayabonyeza kwa kidole, moja moja.

Tuliporudi msibani, kijana wa bodaboda aliyekuwa anaandika michango akapigiwa simu na abiria. Akatazama huku na huku, akaona kalamu kwenye mfuko wa shati langu, akaniwekea daftari mapajani. Basi.

Lile daftari ningekuwa nalo leo ningekuonyesha. Mama vitumbua, mchele kilo 2. Bajaji wa kona, 1,000. Asiyetaka kutajwa, 50,000. Watoto wa madrasa, 3,450, zote sarafu. Saa tatu usiku nikafunga hesabu: daftari linasema 388,500, mkononi nina 386,500. Nikahesabu upya. Nikahesabu tena. Wazee wakaniambia elfu mbili si kitu, Baba Salma, kalale. Sikuweza. Miaka 17 nilifunga hesabu za mamilioni ya watu ambao sikuwahi kuziona sura zao, na sikumbuki hata siku moja nimetokwa jasho namna ile. Ikaja kujulikana mtoto wa marehemu alitumwa sukari, na aliyempa hela hakusema. Nikaandika: sukari, 2,000. Nikapiga mistari miwili chini.

Nyumbani Mama Salma alikuwa amenipashia maji. Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, nikamwambia nina jambo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Tangu wiki ya pili. Mhasibu gani anarudi na magamba ya samaki kwenye mkono wa shati? Mashati nafua mimi."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alikuwa ananisubiri nifike. Nikakumbuka kwamba mwezi mzima kulikuwa na karai la mafuta na bagia nje kila asubuhi nikitoka, nami sikuuliza. "Na zile bagia?" "Ulidhani nazikaanga kwa mapenzi?"

Hapo ndipo nilipolia, na sioni haya kulisema.

Baadaye binti yetu Salma, aliyekuwa anasoma sosholojia chuoni Mlimani, alinisimulia habari za kijiji cha Marienthal, Austria. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kinalisha kijiji kizima kilifungwa kati ya 1929 na 1930, na Marie Jahoda na wenzake wakaenda kuwachunguza watu, kitabu chao kikatoka 1933. Waliwapimia hata mwendo. Wanaume walikuwa wakitembea polepole, wanasimamasimama njiani. Wengi waliacha kubeba saa. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua, ingawa sasa kila mtu alikuwa na muda. Lakini wanawake mwendo wao haukupungua hivyo, kwa sababu watoto na vyungu havikuwa vimefungwa pamoja na kiwanda. Salma alinisomea hayo huku mama yake akipita katikati yetu na ndoo. Hakuna aliyehitaji kufafanua.

Nilichopata tangu siku ile ya maziko sijui nikiite nini. Kiswahili chenyewe kina neno lililonisaidia, shughuli. Ni pirikapirika za riziki, na pia ni arusi, ni hitima, ni maulidi. "Kesho tuna shughuli kwa fulani" maana yake hakuna atakayekwenda kazini. Wazee walioliacha neno libebe yote mawili nadhani walijua kitu ambacho mimi niliajiriwa miaka 17 nikakisahau.

Lakini sitaki mtu anisome akafikiri nahubiri uzuri wa kukosa mshahara. Kukosa mshahara ni kubaya. Tuliuza friji, na mwaka wa mwisho wa Salma chuoni tuliupitisha kwa kukopa na bagia. Sasa naandikia hesabu maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, siku mbili kwa wiki, kinachopatikana ni kama robo ya nilichokuwa napata. Kuna miezi robo hiyo inatosha, kuna miezi haitoshi, na mwezi usiotosha hakuna falsafa inayolipa umeme wa luku. Nikiitwa tena ofisini kwa mshahara mzuri? Ningekwenda. Ila ningewaambia mapema kwamba kukiwa na maziko sitakuwepo.

Siku tano zilizobaki za wiki sina la kumwonyesha mkaguzi. Siku hizi daftari la michango ya mtaa naliandika mimi. Najua nani alichangia, nani hakuwa nacho akaja kuosha masufuria, na huyo naye namwandika. Alasiri nacheza bao chini ya mkungu na yule mzee wa pantoni, mashimo 32, kete 64, na kwa miaka yote hii nimemfunga mara mbili. Ananicheka kwamba mhasibu anahesabu kete vizuri sana halafu anaiacha nyumba yake iliwe. Bado ananiita mtu wa ofisini. Siku moja nilimweleza ukweli wa ile Jumanne, kwamba hakukuwa na ruhusa wala ofisi. Akasogeza kete, akasema, "Si ulikuja?" Akala nyumba yangu.

Mwezi uliopita tulikuwa na arobaini ya jirani mmoja, nikatumwa Feri alfajiri kununua samaki. Lile tofali bado lipo, alikuwa amelikalia kijana mwenye shati la mikono mirefu na viatu vilivyong'arishwa, simu mkononi, haangalii kitu. Nilisimama kidogo. Sikujua nianzie wapi, nikamnunulia kahawa, nikakaa kando yake mpaka mnada ulipokwisha. Hatukuzungumza sana.

Nilipofika nyumbani nimelowa hadi magotini, Mama Salma alinipokea mfuko mlangoni, akaunusa, akaufungua, akachungulia ndani.

"Leo angalau umekuja nao," akasema, akaenda kutafuta kisu.