Sehemu ya 4: Hoteli ya zamani Jambiani, laki na nusu inalipa?

Wapendwa, mmeniuliza sana. Kutoka Singida ni basi, boti, kisha daladala. Ukifika unataka kulala tu.

Mimi muuguzi, naanza na choo na neti. Choo safi. Neti ina matundu. Nimeomba nyingine, imeletwa bila kununa. Bomba zimeliwa na chumvi, hilo nasamehe. Godoro limebonyea, hilo hapana! Mgongo wa zamu ya usiku haudanganywi.

Halafu bahari: upande huu wa mashariki maji yakipwa yanaenda mbali mno, unabaki kuangalia kina mama wa mwani. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo uliza saa za kujaa kabla hujalipa.

Kwa laki na nusu, siendi tena. Kwa elfu 90 na chai, narudi. Masika wageni wachache, bei inashuka ukiongea vizuri.